Kijiji Kisicho na Mkwezi

Ukitaka kujua hali ya kijiji cha Pwani ya Kenya, usianze kwa kuhesabu vichwa. Uliza wakwezi wamebaki wangapi. Kijiji chenye minazi 2,000 inayozaa kinataka kila mti ukwewe mara 4 kwa mwaka, kwa kuwa nazi huanguliwa takriban kila miezi 3. Hapo pana kukwea mara 8,000. Tuseme mkwezi mzoefu anamaliza miti 30 kwa siku: zinatoka siku 267, ambazo ni mwaka mzima wa mtu mmoja ukiondoa Ijumaa, sikukuu, matanga na siku za mvua ambazo shina huteleza. Mtu huyo akihamia Likoni, Mombasa, kuendesha bodaboda, hakuna takwimu ya serikali itakayotikisika. Amepungua mmoja tu. Lakini nazi zinaanza kuanguka zenyewe na nyingine kuota chini ya mti, dalali wa soko la Kongowea haji tena kwa sababu lori halijai, na bei ya shambani inawaporomokea waliobaki. Mwaka unaofuata wanaondoka wengine.

Takwimu za kaunti haziwezi kuonyesha jambo hili. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 Mombasa, 649,931 Kwale na 1,109,735 Kilifi. Ya 2019 ikahesabu 1,208,333, 866,820 na 1,453,787. Piga hesabu: Mombasa iliongezeka kwa asilimia 29 hivi, Kilifi 31, Kwale 33. Kwa karatasi, mashamba yanajaa haraka kuliko mji, na msomaji wa haraka atauliza tunalalamikia nini. Lakini Ukunda iko Kwale, na Mtwapa na Mariakani ziko Kilifi. Hiyo ni miji, tena inayokua kwa kula vijiji vya kaunti zile zile, pamoja na watu wa bara na watu wa kisiwani wanaotafuta nyumba ya kodi nafuu. Ukichanganya Ukunda na kitongoji cha ndani ya Kinango upate wastani, umepata namba isiyomhusu mtu yeyote.

Hesabu inayofaa ni ya nyumba kwa nyumba, na watu wanne wenye daftari wanaimaliza kwa wikendi mbili. Usimwulize mama mwenye nyumba "mko wangapi?" Atakutajia watoto wake wote, hata aliyeko Saudia tangu mwaka juzi. Uliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo. Andika umri katika mafungu manne: 0 hadi 14, 15 hadi 34, 35 hadi 59, na 60 kwenda juu. Kwa aliyeondoka andika alikokwenda, kazi anayofanya, na lini mara ya mwisho alituma pesa. Halafu nenda shuleni ukaombe idadi ya wanafunzi wa gredi ya 1 kwa miaka mitano iliyopita. Gredi ya 1 ikishuka miaka mitatu mfululizo, jua kwamba wazazi vijana walikwisha kuondoka zamani. Watu wengi hutazama gredi za juu, wakaona madarasa ya sekondari ya chini yamejaa tangu yawekwe kwenye shule za msingi mwaka 2023, wakadhani kijiji kizima kiko salama.

Sasa, mikakati mingi inayosifiwa duniani imetungwa kwa ugonjwa mwingine. Japani ilikuwa na nyumba tupu karibu milioni 9 mwaka 2023, na kiwango chake cha uzazi mwaka 2024 kilikuwa watoto 1.15 kwa mwanamke. Italia ina vijiji vinavyouza nyumba kwa yuro 1, kwa sharti kwamba mnunuzi aikarabati ndani ya miaka michache na aweke dhamana itakayopotea asipotimiza. Huko nyumba ni ya mawe na inasubiri. Nyumba ya udongo na makuti haisubiri mtu: bila moshi wa jikoni kuyafukiza yale makuti, wadudu na mvua huimaliza kabla mnunuzi hajapatikana.

Kwetu watoto wanazaliwa, ila hawabaki. Hata hivyo, hesabu ya uzazi nayo imebadilika, na wanaopanga mambo ya vijijini hawajaitia maanani. Mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto 8.1 katika utafiti wa 1977/78. Ule wa 2022 ulikuta 3.4. Mzee aliyekuwa na watoto 8 aliweza kuwatoa 5 waende mjini na shamba likabaki na mikono ya watatu. Mwenye watoto 3 akiwatoa wote, shamba linabaki na yeye na mgongo wake.

Pesa ya jioni

Maneno ya kwamba vijana ni wavivu tuyaache barazani. Kijana anayebeba magunia Kongowea tangu alfajiri si mvivu. Mombasa inampa kitu ambacho shamba halimpi: pesa ya jioni. Bodaboda, tuktuk, mjengo, kibarua cha bandarini, vyote hulipa leo au Jumamosi. Nazi hulipa kila miezi 3. Korosho hulipa mara moja kwa mwaka, na tangu kiwanda cha korosho cha Kilifi kuporomoka miaka ya 1990, hata hiyo mara moja imekuwa ya kubahatisha. Ukijumlisha mwaka mzima, pengo kati ya shamba zuri na kazi ya mjini mara nyingi ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni kwamba mtoto akiugua Jumanne, nazi ya mwezi ujao haimnunulii dawa.

Kwa hiyo mpango wowote wa kumbakisha kijana uanze na kalenda ya mapato, kabla ya jumla yake. Shamba likae na kitu cha kila siku, kitu cha kila wiki, kitu cha msimu na kitu cha mwaka. Cha kila siku kwa kawaida ni mboga, mayai, maziwa, au kugema tembo, ile pombe ya mnazi. Wagema ndio vijana wanaoshikilia vijiji vingi vya Kaloleni na Rabai, wapende wasipende masheikh na wachungaji, kwa sababu tembo hutoka asubuhi na jioni na huuzwa siku hiyo hiyo. Gharama yake ijulikane: panda la maua lililofungwa kwa ajili ya tembo halizai nazi. Wenye busara hutenga miti ya kugema wakaiacha mingine izae.

Cha kila wiki ni makuti. Mahoteli, baa na nyumba za kawaida zinahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na kushona kipande ni kazi ya kukaa kivulini. Hapa kosa ni moja na linarudiwa kila mahali: watu hukata makuti mabichi kupita kiasi. Mnazi hutoa jani jipya moja hivi kwa mwezi. Ukikata zaidi ya moja kwa mwezi kwa mti, unakula kichwa cha mti wenyewe. Vidaka, yaani nazi changa, vinapungua, na mwaka unaofuata unashangaa nazi zimekwenda wapi.

Miti ya nani?

Kabla ya kumwambia kijana apande, angalia kama anaruhusiwa. Pwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na kuweka minazi rehani ni desturi ya zamani: baba amekwama, anachukua pesa, mkopeshaji anaangua nazi mpaka deni lilipwe. Baba akafa, deni halikuandikwa, na mwana anayerudi kutoka Mombasa akiwa na nia njema anakuta minazi 40 ya kwao inaanguliwa na jirani. Dawa ni orodha. Miti ihesabiwe mbele ya wazee wa pande zote mbili, kila shina litiwe alama ya rangi, kiasi cha deni kiandikwe, na kila upande ubaki na nakala. Kwenye kukomboa, anza na miti iliyo katikati ya umri wake. Kukomboa mnazi wa miaka 70 ni kununua kuni.

Ardhi yenyewe ina historia ngumu zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi kutoka baharini waandikishe madai yao. Wenyeji wengi hawakuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji, yaani serikali ya kikoloni. Mpaka leo kuna familia zinazoitwa maskwota mahali walipozikwa mababu zao. Mwenye hati asiyekaa hapo kwa kawaida humruhusu skwota apande mahindi na muhogo, lakini mnazi anaukataa, maana mti wa miaka 60 ni madai. Mahali kama hapo usipoteze mwaka kugawa miche. Kazi ya kwanza ni upimaji na hati, na mwekezaji wa kwanza ni wakili.

Palipo na hati, tatizo ni mirathi. Jina kwenye hati ni la babu, na babu amekufa zamani. Kwa Waislamu, pande zote zikikubali, Kadhi huamua mirathi. Kwa wengine njia ni hii: cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, nakala ya hati na matokeo ya upekuzi kwenye masjala ya ardhi, maombi mahakamani, idhini ya warithi wengine iliyotiwa saini, tangazo katika gazeti rasmi la serikali kwa siku 30, kisha hati ya usimamizi. Mambo huharibika mahali patatu. Barua ya chifu huwaacha mabinti walioolewa, na mmoja wao akipinga, faili inalala. Ndugu aliyeko Ughaibuni hatii saini. Na wengi wakipata hati ya usimamizi huiweka kwenye fremu wakadhani wamemaliza, kumbe kwa kawaida baada ya miezi 6 lazima warudi mahakamani kuithibitisha, ndipo ardhi igawanywe na kuandikishwa upya. Ardhi isiyofika hatua hiyo haikodishiki kisheria wala haipati mkopo, na hakuna ndugu atakayezika pesa zake humo.

Kupanda upya bila kulala njaa

Minazi mingi ya Pwani ni ya kale, na mnazi mrefu wa kienyeji huanza kuchoka ukipita miaka 60. Kosa la miradi ya kupanda upya ni kuikata ya zamani yote kwa mkupuo. Mnazi mrefu huchukua miaka 6 hadi 8 kuzaa. Hakuna kijana atakayesubiri hivyo akitazama ardhi tupu. Panda katikati ya ile mikongwe, kisha ikiisha miaka 3 toa theluthi ya mikongwe, theluthi nyingine baadaye, na ya mwisho michanga ikianza kuzaa. Minazi mifupi huzaa kwa miaka 3 au 4 na dafu zake zina soko, ila inataka maji zaidi. Palipo pakavu itakutia hasara.

Mbegu ichukuliwe kwenye mti unaojulikana kuzaa vizuri, nazi iliyokomaa kabisa, ukiitikisa usikie maji. Ilaze kitaluni ubavuni, theluthi mbili zizame udongoni. Isiyoota ndani ya miezi 5 itupe bila huruma, kwa sababu yenye uvivu kitaluni huwa na uvivu shambani. Ikifika miezi 6 hadi 9 ihamishe mwanzo wa masika. Nafasi ni mita 9 kwa 9, ambayo inatoa miti 50 kwa ekari; ukipanga pembetatu inaingia 57 hivi. Shimo liwe la sentimita 60 hadi 90 kila upande, na chini lalisha safu mbili za makumbi, tumbo likitazama juu, yashike maji. Kiangazi cha mwaka wa kwanza kila mche upate lita 20 mara mbili kwa wiki, na uzungushiwe miiba, maana mbuzi mmoja humaliza mistari miwili asubuhi moja.

Kati ya mistari ndipo pesa ya jioni inapopandwa: mchicha na kunde mwezi wa kwanza, muhogo wa miezi 9 hadi 12, mipapai inayoanza kuzaa kabla ya mwaka kuisha. Acha mita 2 kuzunguka kila mnazi.

Wadudu wawili ndio wanaoamua. Wa kwanza ni chonga, yule mweusi mwenye pembe anayetoboa kichwa cha mti mchanga. Jani likifunguka limekatwa kama kwa mkasi, ndiye. Huzaliana kwenye magogo ya mnazi yanayooza na kwenye lundo la samadi. Ukikata mnazi mkongwe, upasue mbao au uuchome mkaa. Ukiuacha umelala, umemjengea nyumba. Wa pili hufyonza vidaka, vikatoka utomvu na kupukutika vikiwa vidogo. Huyo adui yake ni maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona viota vya majani juu ya mti. Mti wenye maji moto wengi huangusha vidaka vichache, na miembe na mikorosho hufaidika vile vile. Bahati mbaya mkwezi anawachukia, na ana haki, kwa kuwa wanamng'ata kwapani akiwa juu mita 15. Mwenye shamba anayeona mbali humlipa nyongeza kidogo na kumpa majivu ya kujipaka, mkwezi asije akavunja viota. Ukitaka kuwahamisha, chukua viota vya ukoo mmoja tu, maana koo mbili zikikutana hupigana mpaka ziishe, na unganisha miti kwa kamba wapite juu. Sisimizi wadogo wa kahawia walio chini huwazuia kupanda.

Maji, au sababu ya kufuata bomba

Mombasa haina maji yake ya kutosha. Hunywa ya chemchemi za Mzima, yanayokuja kwa bomba la kilomita 220 lililokamilika mwaka 1957, ya Baricho kwenye Sabaki, ya Marere na ya Tiwi. Yote hutoka mashambani. Watu wameyafuata maji yao, na sioni la kuwalaumu.

Kitalu cha mchicha cha mita 10 kwa 10 kinataka takriban lita 500 kwa siku, sawa na mitungi 25 ya lita 20. Palipo na kilomita mbili mpaka kisimani, pesa ya jioni imekwisha kabla haijaanza. Maji ya paa hayatoshi kumwagilia, lakini yanatosha kunywa: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, ukitoa asilimia 20 inayopotea. Nyumba ya bati ya mita 60 za mraba, mahali penye mvua ya milimita 700 kwa mwaka, inakusanya lita 33,600. Watu 6 wakitumia lita 15 kila mmoja kwa siku, kiangazi cha siku 120 kinataka lita 10,800, basi tangi la 10,000 linakaribia kutosha. Paa la shule la mita 400 za mraba linatoa lita 224,000. Makuti hayafai kwa kazi hii. Maji yake huwa ya rangi ya chai na harufu yake haitoki. Na mifereji iteremke sentimita 1 kwa kila mita, maana wengi huifunga sawa kabisa, maji yakasimama, kutu ikaila.

Ya kumwagilia ni silanga, yaani bwawa la kuchimbwa la kukinga maji ya mvua. La mita 30 kwa 20 juu, kina mita 3, kuta zikiwa na mteremko, hushika mita za ujazo 1,200 hivi. Jua likikausha milimita 6 kwa siku, kiangazi cha siku 120 kinaweza kula theluthi nzima, kwa hiyo ongeza kina kabla ya kuongeza upana. Udongo wa mfinyanzi wa Kinango na Ganze unashika. Mchanga wa ukanda wa bahari unanyonya yote. Masilanga mengi hufa kwa tope, na karibu kila mara sababu ni kwamba hakukuchimbwa shimo la kunasa tope mahali maji yanapoingilia, au lilichimbwa na hakuna aliyepewa kazi ya kulizoa. Ng'ombe wanywe kwenye hori nje ya ua. Ua wenyewe ni lazima, watoto wanazama.

Kuhusu kazi kubwa kubwa, tahadhari. Mgodi wa titani wa Kwale ulisafirisha shehena ya kwanza Februari 2014 na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Ajira yenye tarehe ya mwisho hutuliza watu kwa muda wake. Mikoko Pamoja kule Gazi, ambako jamii inauza haki za hewa ya ukaa inayonaswa na hekta 117 za mikoko tangu 2013, ni mfano bora, kwani fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Lakini hata huo hulipa huduma za kijiji zaidi ya mfuko wa kijana. Barabara ya Dongo Kundu nayo inasaidia kwa namna ambayo wapangaji hawaitaji sana: mtu wa Ng'ombeni au Waa anaweza kufanya kazi Miritini akalala kwao. Anayelala kwao bado analima Jumapili.

Yote haya yakihitaji fedha za kaunti, tarehe ndizo muhimu. Maji ya vijijini, barabara ndogo, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Watu huja kwenye kikao cha Mei wakiwa na hasira na ombi la silanga; hapo mambo yamekwisha kufungwa. Ombi liingie Julai au Agosti, likiwa limeandikwa mahali, vipimo, idadi ya nyumba (ile ya daftari), na barua ya mwenye ardhi aliyekubali kuitoa. Bila barua hiyo mkandarasi hufika, hufukuzwa, na fedha hurudi.

Vipo vijiji ambavyo havitajaa tena. Penye wazee tisa, nyani wakiingia mchana kwa sababu hakuna mtoto wa kuwafukuza, na gredi ya 1 yenye watoto wanne, kugawa miche ni kuwachosha wazee. Hapo afadhali wenye mashamba walioko Mombasa wakae kitako, waunganishe vipande vyao na kumkodishia mtu mmoja anayeweza kulima ekari 20 na kulipa walinzi. Mkataba uandikwe: ukizidi miaka 2 lazima uandikishwe, na ardhi ya kilimo inataka idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, inayoombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Utaje minazi kwa idadi na hali yake, nani anaangua, nani anapanda upya, na miche mingapi kwa mwaka. Makaburi na njia ya kuyafikia yatengwe nje ya mkataba, na kila mzee aliyebaki apewe kwa maandishi nyumba yake, kisima, na minazi ya kumtosha kula.